Jina la Akiba

Ngombezi, kambini
12 Februari 2005

Kaka Fabiani,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, na kama vumbi la Handeni limekupa mafua, pole. Sisi hapa tupo. Baba Lea bado wanamwita kwenye korona, ile mashine ya kukwangua mkonge, lakini siku tatu tu kwa juma, siku nyingine analima kibustani kule mtoni. Lea mdogo ameota jino la chini. Moja tu. Analionyesha kwa kila mtu kama kitambulisho. Jana kamng'ata Bi Shida kidole, Bi Shida akasema, "Huyu ni marehemu mtupu! Bibi yake naye alikuwa ananing'ata hivi hivi, ila yeye kwa maneno." Tukacheka mpaka tukakumbuka mama hayupo.

Sasa habari kubwa. Vikapu vimeondoka! Mia sita, vyote vya singa nyeupe za mkonge, na kila kikapu kimefungwa kadi yake kwa uzi wa katani. Yule mama wa Dar anayetusafirishia alikuja mwenyewe na lori. Anasema huko Ulaya mtu akipenda kikapu atasoma kadi, atakwenda kwenye kompyuta, ataandika lile jina, atatuona tulivyokaa tunasuka, ataagiza. Mimi ndiye niliyepeleka karatasi kwa mpiga chapa Korogwe, maana wenzangu walisema Fausta amemaliza la saba, na kaka yake ndiye aliyetutengenezea tovuti. Kadi elfu mbili. Nimekuwekea moja humu ndani. Ona jina la mama, Lea, lilivyokaa.

Ndiyo, nimeweka jina la mama, siyo lile refu la kikundi, Mikono ya Ngombezi. Mama ndiye aliyetufundisha kusuka. Na wewe mwenyewe ulisema siku ya kuanua tanga lake, umesimama uani mbele ya wajomba, kwamba umemnunulia jina lake kwenye mtandao, na kila atakayelifungua atafika kwetu. Bado nalia nikikumbuka.

Swali dogo tu, kaka. Yule mama wa Dar kampigia Bi Shida simu, anasema amejaribu jina la kwenye kadi anaona weupe mtupu. La kikundi linafunguka vizuri. Labda ni mashine yake. Hebu angalia ukipata nafasi hapo ofisini.

Lea anakusalimu kwa jino.

Mdogo wako,
Fausta


Handeni
20 Machi 2005

Mdogo wangu Fausta,

Marahaba. Nimefurahi kwa habari za jino. Mimi mzima. Mvua huku bado, watu wanaangalia mawingu mpaka shingo zinauma. Ofisini kazi zimetubana, mradi una wageni, mkurugenzi wetu Mikaeli hanipi hata nafasi ya kumeza chai.

Kuhusu jina, usiwe na wasiwasi. Nikueleze ili nawe uwaeleze wenzako. Tovuti ni nyumba, na jina ni kibao cha barabarani. Nyumba yenu ni moja, ile ya kikundi. Jina la mama ni jina la akiba, halina nyumba yake wala halihitaji. Mwenye jina anakwenda pale alipoliandikisha, anafungua kwa neno la siri, anaandika mstari mmoja tu: atakayekuja huku apelekwe kule. Basi. Kazi ya dakika tano. Wiki ijayo nitaifanya.

Barua usitume tena kwa sanduku la ofisi, linachelewesha. Mpe dereva wa basi la Handeni, aache dukani kwa Mwinjuma pale stendi.

Kadi nimeiona. Nzuri.

Wako,
Fabiani


Ngombezi
24 Aprili 2005

Kaka Fabiani,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Huku masika yametuvuruga, paa linavuja pale pale ulipolala ulipokuja msibani. Baba Lea ameziba kwa gunia. Lea anatambaa, ila kinyumenyume. Anakiona kitu anakitaka, anazidi kwenda mbali nacho, analia kwa hasira.

Kaka, bado ni weupe.

Nimekwenda Korogwe kwa Semboja, yule mwenye duka la intaneti jirani na stendi. Akaandika jina la mama taratibu, mimi nafuatisha herufi kwa kidole. Weupe. Akaandika la kikundi, tukatokea! Mama yupo katikati, amepindua kikapu kichwani kama kofia, ile picha aliyokuwa anakataa kupigwa. Nikashindwa kuinuka. Semboja akasema, "Dada, kuna watu foleni." Nikamwambia huyo ni mama yangu, tulimzika mwezi wa nane. Akageuka, akawaambia wale wa foleni wakanywe chai kwanza.

Halafu akanionyesha mahali panapoandikwa jina limeandikishwa lini na litakwisha lini. La mama liliandikishwa tarehe 9 Septemba, na litakwisha tarehe 9 Septemba hii inayokuja. Asipotokea mwenye neno la siri kulilipia tena kabla ya hapo, linaachwa wazi, yeyote analichukua. Lakini Semboja anasema akipewa hilo neno atalielekeza hapo hapo, mimi nikiangalia. Basi niandikie, kaka. Sitamwonyesha mtu mwingine.

Tarehe 9. Tanga tulianua tarehe 10. Nimeliona hilo.

Wanawake wananiuliza. Jumamosi Bi Shida alisema mbele ya wote, "Fausta mwanangu, tunasuka kama wendawazimu, maagizo yako wapi?" Nikawaambia nilikosea mimi, nilimpa mpiga chapa karatasi isiyo yenyewe. Nyuma yangu mmoja akasema, "Ndiyo la saba hiyo." Acha wanicheke. Afadhali waseme Fausta hajui kusoma kuliko waseme mtoto wa Lea alidanganya penye tanga la mama yake.

Barua yako ilikuwa na alama nyeusi za vidole pembeni. Nimesema ni wino wa zile mashine zenu.

Mdogo wako,
Fausta


Handeni
5 Juni 2005

Fausta,

Marahaba. Mimi mzima. Msalimie shemeji.

Neno la siri halitumwi kwa barua. Barua inapita kwa dereva, kwa utingo, kwa mwenye duka. Unataka kila mtu alichezee jina la mama? Na nani alikutuma kumpelekea Semboja mambo yetu?

Nami nikuulize. Jina la kikundi lilikuwepo, linafunguka, limeandikwa hata ukutani kwenye banda lenu. Kwa nini ukaweka kwenye kadi jina la akiba? La akiba ni la akiba! Kadi elfu mbili, na hukuona haja ya kuniuliza kwanza.

Nitalielekeza. Nimesema nitalielekeza. Kuna mambo huyajui.

Fabiani

Lea ana meno mangapi sasa?


Ngombezi
26 Juni 2005

Kaka,

Shikamoo. Meno manne. Uliuliza mwisho kabisa, pembeni ya karatasi, mimi naanza nalo maana ndilo lililonifanya nisiichane barua yako.

Umeuliza kwa nini niliweka jina la mama. Nakujibu. Siku ile wajomba wa Kerenge walikaa kwenye mkeka, kila mtoto wa marehemu akasimama kusema amekuja na nini cha kuanulia tanga. Mimi nilitoa mchele na kile kitenge chake cha harusi, na tumbo langu lilikuwa halijapoa, Lea ana wiki tatu. Akabaki mbuzi, na mbuzi kwetu ni wa mtoto wa kiume. Mjomba Mhina akakuuliza, "Fabiani, mbuzi yuko wapi?" Ukasimama, umevaa lile shati la mradi lenye nembo. Ukasema, "Mjomba, mbuzi ataliwa leo na kesho atakuwa kinyesi. Mimi nimemletea mama kitu kisicholika." Ukaeleza. Wazee hawakuelewa hata nusu, lakini waliposikia jina la Lea litaonekana dunia nzima, Mjomba Mhina akavua kofia. Akasema, "Basi. Tanga limeanuliwa." Tukakunja mikeka, tukafagia uwanja.

Kaka, ulisema kila atakayeita Lea atafika kwenye kazi ya mikono yake. Ulisema atafika. Hukusema utakuja kulielekeza siku moja. Sasa mimi ningekuuliza nini tena?

Jumatano kapita Ledama, yule Mmasai wa Misima anayeleta ng'ombe mnadani. Nikamuuliza kama anakufahamu. "Fabiani? Yule wa mkaa? Jirani yangu kabisa. Moshi wa tanuri lake unaingia bomani kwangu, mke wangu Kiseyian anamtukana kila asubuhi." Nikasema labda ni Fabiani mwingine. Akasema ana kovu juu ya jicho la kushoto. Basi. Sitakuuliza kitu, kazi ni kazi. Ila kikohozi kikikushika, chemsha majani ya mkaratusi ujifukize.

Huku kikundi kinakatika. Tulikuwa kumi na wanane, sasa tumebaki saba. Wengine wamerudi kukata mkonge kwa huyu tajiri aliyeuziwa shamba. Panya wameingia bandani wanatoboa vikapu. Bi Shida amenipa mpaka mwezi wa tisa. Amesema, "Jina likifunguka, tunaendelea. Lisipofunguka, nachukua panga langu." Mwanamke wa umri ule, kaka, na mgongo ule.

Tarehe 9 Septemba. Nakuomba, kwa huyu mtoto mwenye jina hilo hilo.

Fausta


Misima
28 Agosti 2005

Mdogo wangu Fausta,

Marahaba. Kiseyian anakusalimu. Ndiye aliyenipa karatasi hii, ameichomoa kwenye daftari la mwanawe. Ni mimi yule wa mkaa.

Mradi ulifungwa Desemba, wafadhili waliondoka. Tuliambiwa Ijumaa, Jumatatu tukakuta kompyuta zimepakiwa garini. Sikumwambia mtu wa nyumbani. Mwezi mzima niliendelea kupita mjini asubuhi nimevaa lile shati, nazunguka, narudi kulala.

Jina nililinunua siku moja kabla ya tanga, hapo ofisini, Mikaeli akanisaidia kwa kadi yake ya benki. Sikuwa na mbuzi, Fausta. Ndiyo yote. Na ile kazi ningeimaliza saa ile ile, dakika tano kweli, ukurasa ulikuwa wazi mbele yangu. Basi la Korogwe likapiga honi. Nikasema nitamalizia nikirudi. Nikarudi, nikasema kesho. Nikiandika jina lake, halafu niandike "apelekwe kule", mkono unagoma. Niliona kama nabeba jeneza lake mara ya pili. Nikaacha. Halafu ofisi ikafungwa.

Neno la siri nimelisahau. Ukilisahau, wanalituma kwenye barua pepe uliyojiandikishia, na hiyo ilikuwa ya ofisi, imekufa pamoja na ofisi. Nimetembea kwa mguu mpaka Handeni mara tatu kumtafuta Mikaeli. Mara ya tatu mlinzi akaniambia amehama, hajui alikokwenda. Nimewaandikia wenyewe wanaouza majina, huko ng'ambo. Wanataka barua yenye muhuri wa ofisi. Muhuri upi?

Nilijua tangu barua yako ya kwanza kwamba siwezi kulielekeza. Ile kadi niliitoa kwenye bahasha nikaenda kukaa nyuma ya tanuri mpaka Kiseyian akaja kuuliza kama nimeungua.

Waambie wanawake ukweli. Usinibebee tena.

F.


Ngombezi
11 Desemba 2005

Kaka Fabiani,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti ilinifikia tarehe 21 Septemba. Dereva aliisahau chini ya kiti chake, akaikuta siku ya kuosha gari. Nimekaa nayo mpaka leo ndipo napata maneno. Lea anatembea. Kila mwanaume anamwita mjomba, hata muuza samaki. Baba Lea wamempunguza kazini.

Tarehe 9 Septemba nilikuwa kwa Semboja, mtoto mgongoni. Barua yako ilikuwa chini ya kiti cha dereva, mimi sijui kitu. Nilikaa kwenye benchi tangu anafungua duka mpaka anafunga. Kila nikimwomba anajaribu. Weupe. Nilidhani uko mbele ya kompyuta mahali fulani unaandika ule mstari. Nikawa nasema moyoni, sasa hivi, sasa hivi. Semboja akaniambia jina haliondoki siku hiyo hiyo, linaning'inia wiki kadhaa. Nikawa narudi kila Jumamosi, hata baada ya kusoma barua yako, na Bi Shida akaniongezea siku.

Jumamosi ya juzi limefunguka.

Nilipiga kelele mle dukani. Siyo weupe tena! Rangi, picha, maandishi! Nikasogeza uso. Matairi, kaka. Matairi ya malori, yamepangwa kama vitumbua kwenye sinia, na maneno ya Kizungu, na namba ya simu ya nchi ambayo hata Semboja haijui. Mtu amelichukua. Vikapu vyetu mia sita viko majumbani kwa watu, na kila atakayemtafuta mama anauziwa tairi.

Nimewaambia wanawake. Yote. Tulikuwa watano bandani. Nilingoja matusi. Bi Shida akaokota singa moja sakafuni, akaisokota, akaidondosha. Akasema, "Kumbe tanga la Lea halijaanuliwa. Mwaka mzima na zaidi tupo msibani, hatujui." Jumatatu yake akachukua panga. Nilimwona asubuhi akipita na wakataji, yeye wa mwisho, wale wengine wakisimama kumngoja.

Nimejaribu kukukasirikia. Nilikuwa naweza, mpaka nilipofika pale penye honi ya basi. Sasa sitaki jina tena. Nataka mbuzi. Hata mdogo, hata wa sikio moja. Njoo naye tuanue tanga la mama kama watu wengine.

Nakungoja.

Fausta


Ngombezi
26 Februari 2006

Kaka Fabiani,

Shikamoo. Lea anakimbia sasa, nashinda namkamata. Mwaka jana tarehe kama hizi alikuwa na jino moja.

Mbuzi amefika. Ledama alimswaga pamoja na ng'ombe wake, kisha akamleta hapa kambini mwenyewe. Beberu mweusi, mguu mmoja mweupe. Nilimpita mbuzi, nikampita na Ledama, nikakimbilia barabarani kuangalia nyuma yao. Nikamuuliza, "Yeye yuko wapi?"

Ledama akasema, "Tulikuja naye mpaka darajani. Hapo akasema anafunga kamba ya kiatu, tutangulie. Tukatangulia."

"Halafu?"

"Mama, alikuwa amevaa kandambili."

Umefika darajani, kaka. Ungesimama hapo ukaangalia, ungeona moshi wetu kwa mbali.

Shingoni mbuzi alikuwa na ile kadi niliyokutumia. Imeingia masizi, lakini jina la mama linasomeka.

Tulimchinja Jumamosi iliyopita. Mjomba Mhina alikuja na mkongojo. Akauliza, "Fabiani yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Wakala. Bi Shida alikula kidogo, mikono yake imechanika kwa miiba ya mkonge hawezi kukunja vidole, nikamkatia nyama mimi. Tulipoanza kukunja mikeka, Mjomba akatuzuia. Akasema mbuzi amefika lakini aliyetumwa kumleta hajafika, basi mkeka mmoja ubaki. Upo uani. Ukinyeshewa nauanika, nautandika tena. Majirani wameniuliza, nimechoka kuwajibu.

Kikundi hakipo. Banda limefungwa. Ile tovuti ya kikundi nayo, Semboja anasema, itakwisha mwezi wa nne na hakuna wa kuilipia. Nimekwenda kumwangalia mama na kikapu chake kichwani. Nitakwenda tena mara moja kabla haijazimwa. Kadi zilizobaki, elfu moja na mia nne kasoro moja, nimezileta chumbani. Nawashia moto. Zinawaka vizuri.

Moja nimeibakiza, hiyo ya shingoni mwa mbuzi. Nimeifuta masizi kwa khanga, nikapiga mstari juu ya jina la mama. Mkono uligoma, kama ulivyosema wako, nikaulazimisha. Upande wa pili nimeandika kwa kalamu. Ule mstari mmoja wa dakika tano, kumbe hata mimi wa la saba naweza kuuandika. Nimempa Ledama akupe mkononi, asimpe mtu wa dukani. Usiposhika barua hii, shika hiyo kadi. Imeandikwa hivi:

Ukivuka daraja, panda gari la Ngombezi, shuka penye korona. Safu ya nne, chumba cha saba. Mkeka uko nje.

Mdogo wako,
Fausta